Kito Kilichovunjika: Utiifu na Amana katika Kitabu cha Vibonzo cha Mizuki Shigeru

Mwezi Februari mwaka 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini, Mombasa, ikielekea Colombo. Ndani yake walikuwamo watu wapatao 1,500, na sehemu kubwa yao ilikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliokuwa wakipelekwa Asia kupigana na Wajapani. Tarehe 12 ya mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga meli ile, nayo ikazama kwa muda wa dakika chache tu. Watu wapatao 1,300 walipotea. Manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiisindikiza ziliiwinda nyambizi ile kwa mabomu ya chini ya maji hali baadhi ya walionusurika wangali wakielea, kwa kuwa adui alikuwa amejificha chini yao. Wajibu wa kuzilinda meli nyingine ulihesabiwa kuwa mzito zaidi kuliko roho za waliokuwa wakiomba kuokolewa.

Kwetu sisi watu wa pwani, Mjapani wa vita vile amebaki hivyo hivyo katika kumbukumbu: yupo chini ya maji, na uso wake hauonekani. Makala haya yanakusudia kumtazama usoni askari wa kawaida wa Kijapani wa zama zile, kwa kupitia kitabu cha vibonzo kilichotungwa na mtu aliyekuwa mmoja wao. Kitabu chenyewe kinaitwa *Sōin Gyokusai Seyo!*, kilitoka mwaka 1973, na mtunzi wake ni Mizuki Shigeru. Swali litakalotuongoza ni moja: mtu anapoambiwa awe mtiifu hadi kufa, utiifu huo ni wa nani, na ni nani anayebaki na deni lake?

Huenda msomaji akauliza, jarida la mashairi lina haja gani na vibonzo, tena vya vita vya mbali? Jawabu ni kwamba kusimulia vita vya mbali si jambo geni katika fasihi yetu. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, unasimulia vita vya Waislamu na Warumi wa Herekali, vita ambavyo mtunzi hakuviona na ambavyo vilipita karne nyingi kabla yake. Aidha, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi vya 1888 na 1889, vita vya zama zake mwenyewe. Basi tunazo njia zote mbili, ya aliyesikia na ya aliyekuwapo. Ama kuhusu vibonzo, tutaona kuwa kitabu hiki kimejengwa kwa ufundi ambao mpenzi wa ushairi anaujua vizuri: ufundi wa kurudia.

Mtunzi na vita vyake

Mizuki Shigeru alizaliwa mwaka 1922 akakulia Sakaiminato, mji mdogo wa bandari magharibi mwa Japani. Aliandikishwa jeshini akiwa kijana apendaye kuchora, kula na kulala, na akapelekwa Rabaul, katika kisiwa cha New Britain, ambacho leo ni sehemu ya nchi ya Papua New Guinea. Kikundi kidogo cha walinzi alichokuwamo kilishambuliwa kikauawa, akasalimika yeye peke yake. Alipofika kambini baada ya kuhangaika msituni na baharini, hakupewa pole. Alilaumiwa kwa kurudi hai ilhali wenziwe wamekufa. Baadaye, akiwa mgonjwa wa malaria, kambi ilipigwa kwa mabomu ya ndege, akapoteza mkono wake wa kushoto. Katika siku za kuuguza jeraha alifanya urafiki na wenyeji wa Kitolai waliokuwa wakiishi jirani, waliomlisha na kumkaribisha mashambani mwao. Alirejea Japani mwaka 1946, akaishi maisha ya dhiki kwa kuchora kwa mkono mmoja, hata akapata umaarufu mkubwa kwa hadithi za mazimwi na mizuka, hasa zile za kijana Kitarō. Alifariki mwaka 2015.

Kitabu tunachokizungumzia kinahusu kikosi kilichotumwa mahali paitwapo Baien, katika kisiwa hicho hicho. Mhusika tunayemfuata zaidi ni askari wa cheo cha chini kabisa, Maruyama, ambaye ni kivuli cha mtunzi. Mwenyewe Mizuki alieleza kwamba takriban sehemu tisa katika kumi za kitabu ni mambo ya kweli. Tutarudi baadaye kwenye ile sehemu moja aliyoibadili, maana ndani yake ndimo ulimo ufunguo.

Kito na kigae

Tuanze na jina la kitabu. Neno *gyokusai* maana yake ni kuvunjika kwa kito. Asili yake ni kitabu cha historia cha Kichina cha karne ya 7, ambamo mtu mmoja anachagua kuwa kito kilichovunjika kuliko kuwa kigae cha paa kilicho kizima. Ni tashbihi ya kuvutia, na hapana shaka iliwahi kuwafaa watu waliokataa kuinamishwa vichwa. Lakini mwezi Mei mwaka 1943, jeshi la Kijapani lilipoangamia karibu lote katika kisiwa cha Attu, serikali ililichukua neno hili ikalitangazia taifa. Tangu siku ile, kikosi kilichotupwa mbali bila chakula wala msaada hakikusemwa kuwa kimeshindwa. Kilisemwa kuwa kimevunjika kama kito.

Nyuma ya neno hili palikuwa na mafunzo ya muda mrefu. Amri ya Mfalme kwa wanajeshi ya mwaka 1882 iliufananisha wajibu na mlima kwa uzito, na kifo na unyoya kwa wepesi. Mwongozo wa askari vitani uliotolewa Januari 1941 kwa jina la waziri wa vita, Tōjō Hideki, uliwakataza kuishi na aibu ya kutekwa. Na herufi inayoandikia utiifu katika lugha yao, *chū*, imeundwa kwa alama mbili: juu ni "katikati", chini ni "moyo". Kijana aliyesoma herufi ile shuleni alifundishwa kuwa katikati ya moyo wake pana bwana mmoja tu.

Jina la kitabu, basi, ni amri: wote na wavunjike kama kito! Mizuki ameichukua lugha ya matangazo akaiweka juu ya jalada, kisha akatufungulia mlango tuone ndani yake mna nini. Ndani mna vijana wanaopigwa makofi kila siku na sajini wao kwa makosa yasiyokuwapo. Mna njaa, kuhara na malaria. Mna askari anayeliwa na mamba mtoni. Mna mwingine ambaye, akivua samaki kwa bomu la mkono, anambana mmoja kwa meno ili mikono yake ipate nafasi ya kumkamata wa pili. Samaki anateleza kooni, na mtu anakufa kwa kukosa pumzi. Hakuna kito hapo. Msomaji anacheka kidogo, kisha kicheko kinamkwama yeye naye.

Wimbo unaorudi

Washairi wa Kiswahili wanajua kazi ya kibwagizo. Maneno ni yale yale, lakini kila yanaporudi yamebeba mzigo wa ubeti uliotangulia, na mwishoni mwa shairi kibwagizo kinaweza kusema jambo ambalo mwanzoni hakikulisema kabisa. Mizuki amekijenga kitabu chake kwa namna hiyo.

Pazia linapofunguka tunawaona askari wamepanga mstari mrefu mbele ya nyumba wanamowekwa wanawake kwa ajili ya jeshi. Muda ni mfupi, mstari hauishi, na wanawake wamechoka kupita kiasi. Inapobainika kuwa wengi hawatapata zamu, wanawake na askari wanaimba pamoja wimbo wa malalamiko, wimbo wa mwanamke aliyefungwa katika kazi asiyoitaka na ambaye hana mlango wa kutokea. Hapa inafaa tukumbuke lililo nje ya picha: wanawake wengi wa nyumba zile, kutoka Korea na nchi nyingine, walichukuliwa kwa hila au kwa nguvu, jambo ambalo serikali ya Japani ilikuja kulikiri mwaka 1993. Katika ukurasa ule wa mwanzo askari wanauimba wimbo kama watu wa nje. Ni wimbo wa mtu mwingine, na wao ni wateja wake.

Kurasa zaidi ya 300 zinapita. Tunafika usiku wa kuamkia shambulio la mwisho, ambalo hakuna aliyetarajiwa kurudi kutoka kwake. Ni desturi kuimba kabla ya kufa, na mtu angetazamia kusikia wimbo wa taifa au wimbo wa kijeshi wa kumtukuza Mfalme. Wao wanauimba wimbo ule ule wa wanawake. Neno halikubadilika hata moja, lakini sasa mwenye wimbo ni askari. Ni yeye aliyefungwa katika kazi asiyoitaka, ni yeye ambaye mwili wake unatumiwa kwa amri ya mwingine, ni yeye asiye na mlango. Mizuki haandiki sentensi hata moja ya kulieleza hilo. Anaziweka picha mbili mbalimbali, moja mwanzoni na moja mwishoni, akatuachia sisi kuziunganisha.

Hii ndiyo hoja kubwa ya kitabu juu ya utiifu, na imetolewa kwa wimbo. Wakati wanapotakiwa kuuthibitisha utiifu wao kwa Mfalme kwa njia ya mwisho, kinachowatoka mioyoni ni wimbo wa wale waliokuwa chini yao. Katikati ya moyo, pale palipoandikwa bwana mmoja, amekaa mtu mwingine kabisa.

Kidole

Alama ya pili inayorudi ni kidole. Askari alipokufa mahali ambapo maiti haikuweza kuchomwa wala kubebwa, wenziwe walimkata kidole ili kifupa chake kipelekwe nyumbani kwa wazazi. Hii ni desturi ya uaminifu kwa maana yake ya asili. Mtu anaahidi kumrudisha mwenzake kwa mama yake, na akishindwa kumrudisha mzima, basi anarudisha hicho kinachobebeka.

Mwanzoni desturi hii inafanywa kwa heshima. Kadiri vita vinavyozidi, mkono wa anayekata unaharakishwa. Pana mahali ambapo aliyejeruhiwa anaachwa nyuma kwa kuwa amri inasema warudi upesi, na kidole chake kinakatwa ingawa uhai haujamtoka. Tendo ni lile lile, kisu kinafanya kazi ile ile, lakini desturi imegeuka juu chini. Kidole kilikuwa badala ya mtu asiyeweza kurudi. Sasa mtu anazuiwa kurudi kwa sababu kidole chake kimekwisha kupatikana. Jeshi limepata alama, na alama inatosha. Mwenye kidole hahitajiki tena.

Naomba msomaji aishike picha hii, kwa sababu kinachofuata katika kitabu ni picha hiyo hiyo iliyokuzwa hadi ikawa na ukubwa wa kikosi kizima.

Meja na shujaa wake

Mkuu wa kikosi cha Baien ni Meja Tadokoro, kijana wa miaka 27, mwenye bidii, asiye mwovu. Naye anaye mtu anayemhusudu: Kusunoki Masashige, shujaa wa karne ya 14. Mwaka 1336 Kusunoki alimshauri Mfalme Go-Daigo auache mji mkuu kwa muda ili adui avutwe ndani na kuzingirwa. Ushauri wake ulikataliwa. Aliamriwa akapigane uwanjani, akaenda akijua atashindwa, na pale Minatogawa, alipozidiwa na majeshi ya Ashikaga Takauji, alijiua pamoja na nduguye. Katika zama za Meiji serikali ilimfanya mfano wa utiifu mkamilifu. Mwaka 1872 alijengewa hekalu Kobe, na sanamu yake juu ya farasi imesimama nje ya kasri la Mfalme mjini Tokyo hadi leo. Mwaka 1945 nembo yake, ua la krisanthemo lielealo juu ya maji, ilitoa jina kwa mashambulio ya marubani wa kujiua huko Okinawa.

Adui anapotua Baien na kikosi kuzidiwa, Tadokoro anaiona Minatogawa yake imefika. Mmoja wa maafisa walio chini yake, mtu mzima kuliko yeye, anamshauri waingie msituni wapigane kwa kuvizia, kwani kufa kwa pamoja kwa siku moja hakutamzuia adui hata kwa siku ya pili. Meja hakubali. Anataka shambulio la mwisho, anataka kito kivunjike.

Mandhari haya mawili yanafanana, ya mwaka 1336 na ya kisiwani, na kufanana huko ndiko kunakomlevya Tadokoro. Lakini tukiitazama historia kwa makini tunaona kuwa ameukumbuka ukurasa mmoja tu wa maisha ya shujaa wake. Mwaka 1331, ngome ya Kusunoki huko Akasaka ilipokuwa karibu kuanguka, masimulizi ya kale yanasema aliichoma moto pamoja na maiti zilizokuwamo ili adui adhani kuwa amejiua, kisha akatoroka usiku. Baada ya muda alitokeza tena, na mwaka 1333 aliishika ngome ya mlimani ya Chihaya kwa watu wachache dhidi ya jeshi kubwa mno, akitumia hila, mawe na subira. Kwa hakika umaarufu wake wa vita ulitokana na kujua namna ya kutokufa. Hata Minatogawa ushauri wake ulikuwa ni kurudi nyuma.

Basi katika hema lile la Baien, ni nani hasa aliyesimama mahali pa Kusunoki? Ni yule afisa aliyeshauri kuingia msituni, naye amekataliwa kama Kusunoki alivyokataliwa. Tadokoro, aliyetaka kuwa shujaa, amekalia kiti cha wale walioukataa ushauri wa shujaa. Mizuki halisemi jambo hili, lakini yeyote anayeijua historia ya Kusunoki anaweza kuliona, na likishaonekana haliondoki machoni.

Wazee wetu walisema, kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Methali hii huwa inatajwa kwa mzaha, lakini ndani yake mna hekima ya watu waliokwisha kuzika. Haimsifu mwoga, inakumbusha tu kwamba kila ushujaa una nyumba iliyobaki nyuma, na katika nyumba hiyo yupo mtu anayelia. Mwenye kukifananisha kifo na unyoya hakuupima uzito wake kutoka upande wa nyumba hiyo.

Kufa mara mbili

Shambulio la kwanza linafanyika, na Tadokoro anakufa kama alivyotaka. Lakini amri haikuwafikia wote sawasawa, na makumi kadhaa ya askari wanasalimika. Hapo ndipo kitabu kinapofika kwenye jambo lake zito. Rabaul imekwisha kutangaza kwamba kikosi cha Baien kimevunjika chote kama kito. Habari imesifiwa, na vikosi vingine vimehimizwa viige. Sasa inabainika kuwa baadhi ya waliosifiwa wanaishi, wana njaa, na wanaomba chakula.

Hiki ndicho kidole kilichokuzwa. Jeshi limekwisha kupata alama, yaani taarifa ya kifo, na waliobaki wamekuwa kasoro katika taarifa. Afisa wa makao makuu, Kido, anatumwa ili kuifanya taarifa iwe kweli. Maafisa wawili vijana walioongoza walionusurika wanatakiwa wajiue, nao wanajiua. Waliobaki wanapangiwa shambulio la pili.

Katikati ya mashambulio hayo mawili Mizuki ameweka tendo la daktari wa kikosi. Daktari huyu anasafiri hadi Rabaul kuwaombea wenziwe uhai. Anawaambia wakubwa kwamba uhai si mali ya jeshi ya kuchezea, na anajibiwa kwa dharau. Anajiua. Kwa macho ya nje, kifo chake kinafanana na cha wale maafisa wawili: Wajapani watatu, silaha mikononi, maisha yamekatwa. Lakini wale wamekufa ili taarifa isahihishwe, na huyu amekufa akiikataa. Mizuki ametuonyesha kwamba umbo moja la kifo linaweza kubeba maana mbili zinazopingana, na kwamba mtazamaji asiyejua kisa atawazika wote chini ya sifa moja.

Hapa lugha yetu inatusaidia kuona. Sisi tunalo neno *utiifu*, yaani kutii, kufuata neno la aliye juu. Tunalo pia neno *uaminifu*, ambalo ni ndugu wa *amana* na *imani*. Mtu mwaminifu ni yule ambaye ukimwekea kitu utakikuta. Utiifu unapanda juu, kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Uaminifu hauna njia moja. Mkubwa naye anaweza kuwekewa amana na mdogo, na roho za askari ni amana mikononi mwa mkuu wao. Tadokoro alikuwa mtiifu hadi pumzi ya mwisho, lakini amana aliyowekewa aliitawanya ufukweni. Daktari hakutii, na amana aliilinda kwa kila alichokuwa nacho.

Wakati wa shambulio la pili Kido anakusudia kubaki hai, kwani wajibu wake ni kurudi na kutoa taarifa kwamba wote wamekufa. Risasi inampata naye, kwa bahati tu. Huyu aliyekuja kuhakikisha kuwa hesabu ya wafu imetimia, mwishowe anaitimiza kwa mwili wake.

Na vifo vyote hivi vilinunua nini? Rabaul yenyewe haikuvamiwa kamwe na jeshi la nchi kavu. Majeshi ya Marekani na washirika wake yaliizunguka na kuiacha, na makumi ya maelfu ya askari wa Kijapani waliokuwa ndani ya mahandaki yake walilima viazi, wakangoja, na wakasalimu amri mwaka 1945, wengi wao wakarudi makwao. Wale wa Baien walitakiwa wavunjike kwa ajili ya mahali ambapo pangeweza kuachwa bila hasara.

Kurasa za mwisho

Katika kitabu kizima Mizuki anawachora watu kwa mistari michache, wenye pua kubwa na meno ya mbele, kama watoto wanavyochora. Miti, bahari, mawingu na meli amezichora kwa ustadi wa kustaajabisha, kila jani mahali pake. Kisiwa ni cha kweli, na watu ni vikaragosi waliotupwa juu yake. Ndiyo maana msomaji anapata nguvu ya kuendelea: anajiambia kuwa hivi ni vibonzo tu.

Maruyama anapigwa risasi shavuni katika shambulio la mwisho. Hafi papo hapo. Anainuka katikati ya wafu, uso umeharibika kiasi kwamba anaonekana kama anayecheka, na anakwenda huku akiuimba wimbo ule wa wanawake, mara ya tatu sasa, mtu mmoja peke yake, bila wa kumwitikia. Fikira yake ya mwisho ni kwamba hivi ndivyo walivyokufa wote: bila wa kuambiwa, bila wa kuwaona, na mwisho wake ni kusahauliwa. Kisha anaanguka.

Na hapo mchoro unabadilika. Kurasa zinazofuata hazina vikaragosi tena. Maiti zimechorwa kwa ustadi ule ule uliotumika kwa miti na bahari, kivuli kwa kivuli, kama picha za kamera. Halafu nyama inatoweka, inabaki mifupa imelundikana. Walipokuwa hai walionekana kama vibonzo; walipokufa ndipo wakawa wa kweli. Kisiwa kimewapokea, nao wamekuwa sehemu ya mandhari yake.

Sasa turudi kwenye ile sehemu ambayo mtunzi aliibadili. Katika kitabu hakuna anayebaki. Katika historia, mkasa uliokuwa chimbuko la kisa hiki haukwisha hivyo: baadhi ya walionusurika shambulio la kwanza waliishi hata baada ya lile la pili. Na Maruyama mwenyewe, tunajua, aliishi, kwani ndiye aliyechora. Kwa nini basi mtu aliyelaumiwa kwa kubaki hai ajiue katika karatasi?

Mizuki alisema kwamba kila alipoandika juu ya vita hasira isiyozuilika ilimpanda, na kwamba labda ilikuwa ni roho za wenziwe waliokufa. Kwa maoni yangu jawabu limo humo. Fikira ya mwisho ya Maruyama, ya kufa bila wa kumwambia, haiwezi kujulikana na mtu yeyote isipokuwa aliyekufa. Ili aiseme, mtunzi amekwenda akalala miongoni mwao. Halafu akainuka, akaishika kalamu kwa mkono mmoja aliobakiwa nao, na akayavunja maneno yale yale kwa kuyaandika: kwa kuwa sisi tumesoma, hawakufa bila wa kuwaona.

Miaka 28 ilipita tangu vita viishe hadi kitabu kutoka. Kilisubiri zaidi kabla ya kuvuka bahari: Wafaransa walikisoma kwa lugha yao mwaka 2008, na wasomaji wa Kiingereza mwaka 2011. Kijana yule aliyeambiwa kuwa kurudi kwake hai ni usaliti alikuwa amebeba kitu muda wote huo, kama anayebeba kidole cha mwenzake ndani ya mfuko wa shati, akiutafuta mlango wa mama yake. Hakukaidi utiifu ili awe huru peke yake. Alikuwa na amana ya watu, na mwenye amana hana ruhusa ya kufa kabla hajaifikisha.

Chini ya bahari yetu pia, katika njia ile ya kutoka Mombasa kwenda Colombo, wamo vijana ambao hawakukatwa hata kidole cha kuletwa nyumbani. Wanazo nyumba ambamo kilio kilifika, tena kwa kuchelewa, kwa karatasi yenye maneno machache. Utenzi wao tunawadai.